Tupa na Gobore la Baba

Juzi kitasa cha geti langu hapa Tabata Kimanga kilikuwa kigumu. Fundi kijana niliyemwita hakukifungua atazame ndani; alitoa tupa. "Mwalimu, tunakula chuma kidogo tu, kitateleza chenyewe." Nilimshika mkono. Alinitazama, labda akidhani uzee umenizidi. Tulikifungua, tukakiosha kwa mafuta ya taa, ukatoka uchafu wa miaka. Kitasa kikateleza.

Ndugu msomaji, nina sababu ya kuiogopa tupa.

Baba yangu, kule Urambo, alikuwa na gobore lenye kibali, la kulindia mihogo na mahindi dhidi ya nguruwe pori. Magobore yalikuwa mengi Unyamwezi tangu enzi za Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Hata Mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika, uliacha upenyo kwa zile za gumegume. La baba lilikuwa la fataki: unashindilia baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, unaweka fataki, unavuta nyundo nyuma.

Kifyatulio chake kilikuwa kigumu mno. Baba alikivuta kwa vidole viwili, na mtutu uliyumba kabla ya mlio. Desemba 1971, nchi ikisherehekea miaka 10 ya uhuru, nilirudi likizo kutoka chuo cha ualimu nikijiona fundi wa kila kitu. Baba alipotoka, nikalifungua gobore chumbani kwangu.

Ndani mambo ni machache. Nyundo ina mapengo mawili. La kwanza lina kina, nalo huizuia isiende popote. La pili ni la kufyatulia, nalo hushikwa na ncha ya ulimi wa chuma. Ukivuta kifyatulio, ulimi hutoka katika pengo na springi huirusha nyundo mbele. Ugumu waweza kuwa kutu, mafuta yaliyoganda, springi kali au pengo lenye kina kirefu. Ningeosha kwanza. Mimi nililipiga tupa pengo la pili hadi kifyatulio kikaitika kwa kidole kimoja. Baba alifurahi. Nilimwambia nimekipaka mafuta.

Wazungu wana bunduki na bastola zenye vifyatulio viwili: cha nyuma hukaza springi, cha mbele hungoja mguso tu, na kati yake kuna skrubu ndogo ya kurekebishia. Ukikosea skrubu, unairudisha. Chuma kilichokwisha kuliwa na tupa hakirudi.

Usiku wa tatu, shambani, baba alikuwa amekwisha kuvuta nyundo. Akampa mdogo wangu, mwenye miaka 13, amshikie gobore ili apande kichuguu atazame. Kitako kikagonga jiwe. Gobore likalia. Moto ulimchoma mtoto shavu, na sikio lake la kulia halikusikia tena.

"Nani amekutuma uguse kifyatulio?"

"Sikugusa, baba."

Alipigwa kofi. Mimi nilisimama pale, mwalimu mtarajiwa, nikanyamaza.

Baba alifariki mwaka 1988 akiamini hivyo, na gobore tukalikabidhi polisi. Mimi nikawa mwalimu mkuu, na kwa miaka mingi nilihukumu watoto wa watu: nani kavunja kioo, nani kasema uongo. Kila mtoto aliposema, "Sikugusa, mwalimu," niliisikia sauti ya mdogo wangu. Wengine niliwaamini. Wengine niliwachapa.

Jioni ile fundi alipoondoka, nilimpigia mdogo wangu simu. Nikamweleza yote, tupa na pengo. Alikaa kimya kidogo.

"Kaka, asubuhi yake nilifagia chumba chako. Niliuona unga wa chuma chini ya kitanda. Nilijua."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Nilingoja umwambie wewe."

Kisha akaniuliza kama mvua zimeanza Dar es Salaam.

Atakuja Tabata mwezi ujao. Nitakaa kushoto kwake, upande anaosikia, niyaseme tena ana kwa ana.