Kofia ya Mkwe na Vilima vya Kampala

Alhamdulillah, miezi miwili nilikaa Kampala pamoja na mama watoto, tulipokwenda kumtunza binti yetu aliyejifungua. Arubaini ilipokwisha, mkwe wetu, Muganda aliyewahi kusoma madrasa huku kwetu Pwani, aliniambia: "Baba, haifai mrudi Mombasa na mji hamkuuona."

Hapa sina budi kukiri jambo. Kijana huyu alipoleta posa, nilimrudisha mara mbili. Dini yake sikuitilia shaka, wala tabia yake. Ila kwao kulikuwa mbali. Mke wangu naye alikuwa na lake moyoni. Siku zote zile mkwe hakumpa mkono hata mara moja. Alimwamkia kutoka mlangoni, macho chini, kisha akaondoka. "Huyu anatuona si kitu," mke wangu aliniambia usiku mmoja. Begini mwake mlikuwa na kofia ya viua aliyomshonea kwa mkono wake. Haikutoka humo.

Basi tukatoka asubuhi, ukungu ungali mabondeni. Jina la mji huu, wenyewe husema, latokana na kasozi k'empala, yaani kilima cha swala pala. Na vilima ndivyo mji wenyewe. Namirembe pana kanisa kuu la Waanglikana, Lubaga la Wakatoliki, Kasubi makaburi ya wafalme, Kibuli msikiti mweupe. Baina yao ni mabonde yaliyojaa masoko, bodaboda na magari ya abiria. Mombasa ukiuliza njia, huambiwa kulia au kushoto. Kampala huambiwa panda au teremka. Mkwe alitangulia, nami nikamfuata. Mke wangu alikuwa nyuma, kimya.

Tulifika Old Kampala, kilima ambacho Lugard alijenga ngome yake mwaka 1890. Leo pamesimama Msikiti wa Taifa, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008 baada ya ujenzi wake kukwama miaka mingi na kumalizwa kwa msaada wa Libya. Tukapanda mnara wake, ngazi zaidi ya 300. Njiani magoti yangu yalikataa. Mkwe akarudi, akaniinamishia bega, nikalishika. Mke wangu alitupita kwa hatua zake za polepole, akafika kabla yetu.

Kule juu mji wote ulikuwa chini ya macho yetu. Mke wangu aliposogea dirishani kwetu, mkwe alihamia dirisha la upande wa pili. Nikamwona mama watoto akiuma mdomo. Sikuweza tena kunyamaza. "Mwanangu," nikasema, "mama yako amekukosea nini?"

Kijana alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Baba, sisi Waganda mama mkwe hatumkaribii. Hatumgusi, hatuketi naye bega kwa bega. Ndiyo heshima yake. Kama ningempa mkono, marehemu mama yangu angeona haya kwa ajili yangu."

Kisheria mama mkwe ni maharimu wa mkwewe, na kumpa mkono hakuna dhambi, hilo nilimweleza. Lakini ada isiyoharamisha halali wala kuhalalisha haramu haivunjwi kwa pupa. Miaka mingi nimeisomesha aya ya 13 ya Suratul Hujurat, ya mataifa na makabila kujuana. Siku ile juu ya mnara nilisomeshwa mimi.

Kisha akatuonyesha upande wa mashariki: "Huko ndiko kwenu." Nikawakumbuka waliotangulia. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika mahakamani kwa Kabaka Suuna, na inasimuliwa kuwa alithubutu kumkanya mfalme juu ya kuua raia, kwani uhai ni wa Mwenyezi Mungu. Misafara ya zama zile ilitoka pwani, ikapita Tabora na Karagwe, mwendo wa miezi kwa miguu. Mwaka 1876, chini ya Kabaka Muteesa, makumi ya Waislamu wa Buganda waliuawa Namugongo kwa kuishikilia dini yao. Hadi leo Waganda husema omuzikiti, eddiini na ekitabo. Ni maneno yaliyosafiri nasi. Babu zetu hawakuuhesabu umbali walipoleta neno la Mungu. Mimi, niliyepanda basi siku moja na usiku wake, niliuhesabu nilipoombwa binti.

Alasiri tulisali Kibuli, msikiti uliojengwa katika ardhi aliyoitoa Mwanamfalme Badru Kakungulu. Tulipotoka, mke wangu alifungua mkoba wake. Kumbe asubuhi alikuwa ameitoa ile kofia begini akaja nayo, hata kabla hajaambiwa lolote. Hakumwendea mkwe. Aliinyoosha kwangu. "Mpe mwanangu," akasema.

Nikampa. Kijana aliivaa palepale, akapiga magoti mbali kidogo, akashukuru macho yakiwa chini. Mara hii mama mkwe hakuyasoma macho yale kuwa kiburi.

Dada zangu na ndugu zangu, pengine nanyi mna posa mezani iliyotoka mbali, au mkwe mnayemwona mkavu. Ulizeni kwanza dini na tabia. Kisha muulizeni mwenyewe maana ya ada zake, msikae nayo rohoni siku arubaini kama tulivyokaa sisi. Wallahu aalam.