Kuhama kwa Njia ya Bagamoyo

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Tanga ana njia mbili. Ya kwanza hupita Kibaha na Chalinze, nayo ndiyo iliyozoeleka tangu zamani. Ya pili huambaa pwani mpaka Bagamoyo, kisha hukata kuelekea magharibi mwendo wa kilomita 64 hadi Msata, na hapo zote mbili hukutana. Sisi tulikuwa tukihama, kwani kazi ilikuwa imetupeleka Tanga. Lori la vyombo tuliliacha litangulie kwa njia ya Chalinze, nasi tukashika njia ya pwani, kwa kuwa mama yetu mzazi alikuwa na hamu ya kuiona Bagamoyo, mji aliousikia tangu utotoni.

Mama alikuwa amekaa Magomeni zaidi ya miaka 40. Mumewe amezikwa Dar es Salaam, na majirani aliowaaga asubuhi ile ni watu aliozika nao na kuoza nao. Hakulia, wala hakulalamika. Lakini tulipofika Tegeta aliuliza, “Mwanangu, tumekwisha kutoka mjini?”

Swali hilo lilikuwa na sababu yake. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, wanasema kuwa msafiri wa mwendo mrefu hupata ruhusa ya kupunguza sala pindi ayaachapo majengo ya mji wake. Zamani jambo hilo lilikuwa jepesi, kwani mtu alipita nyumba ya mwisho akaingia porini. Siku hizi nyumba zimeandamana kutoka Mwenge hata Tegeta, na kutoka Tegeta hata Bunju, na aliyeondoka saa nzima iliyopita bado yumo mjini. Tulipopita Bunju, minazi na mikorosho ikaanza kuonekana, nikamwambia, “Sasa, mama, tu wasafiri.” Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena, “Na anayehama, usafiri wake unakwisha lini?” Nilimjibu kwamba unakwisha afikapo pale alipokusudia kukaa. Hakusema neno.

Kabla ya kuingia Bagamoyo tulipinda kwenda Kaole. Yapo pale magofu ya msikiti ambao wataalamu wanaukadiria kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe, ambazo zamani zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Watoto walistaajabu kuwa bakuli laweza kutoka China na kuishia katika kaburi la pwani yetu. Waliojenga pale walikuwa na biashara na bahari nzima, lakini walizikwa hapo hapo, kwa kuwa walikwisha kuwa wenyeji.

Adhuhuri ilitukuta Bagamoyo. Kwa kuwa tulisali nyuma ya imamu mkazi wa mji, tulitimiza rakaa nne pamoja na wenyeji, kama sharia inavyotaka.

Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea miezi wakichukua pembe za ndovu, mzigo wa frasila mbili hivi kwa mtu mmoja. Husemwa kuwa jina la mji ni “bwaga moyo”. Wako wanaolitia katika kinywa cha mpagazi aliyefika na kutua mzigo wake, na wako wanaolitia katika kinywa cha mtumwa aliyeiona bahari akakata tamaa. Wajerumani nao waliweka makao ya serikali yao hapa, kisha mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam, kwa maana bandari ya Bagamoyo ni ya maji machache na meli kubwa hazikuweza kukaribia.

Lakini habari iliyomshika mama ni ya Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, mashariki ya Kongo, akatekwa angali mtoto, akaletwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Katika mji ambao hakuwa na ukoo, alisoma, akasomesha, akawa mkubwa wa tarika ya Kadiria, watu wa kila kabila wakimfuata. Alifariki mwaka 1931, na hapa ndipo penye kaburi lake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Yule aliletwa bila ya mama yake. Mimi nimekuja na wajukuu.”

Kutoka hapo safari ilikwenda upesi. Tulivuka Ruvu, tukafika Msata, tukavuka Wami kwa daraja lake jipya. Lile la zamani lilikuwa jembamba hata magari yalipita kwa kupokezana. Alasiri tuliisali njiani rakaa mbili. Segera tukashika mkono wa kulia penye mashamba ya katani, na Muheza mama akanunua machungwa kapu zima. Nilipomwambia kuwa ni mengi mno kwetu, alijibu kuwa si yetu. Ni ya majirani.

“Majirani gani, mama?”

“Hao tutakaowakuta.”

Tulifika Tanga usiku. Lori lilikuwa limekwisha kushushwa, na vyombo vimejaa ukumbini. Mama aliuliza kibla ki wapi, akatandika mkeka wake baina ya masanduku, akasali isha rakaa nne.