Mtoto Anapopewa Uadui

Kila mtoto anayeigiza hutaka kuwa stelingi. Hakuna anayejitolea kuwa adui. Hilo huamuliwa na mwalimu. Katika shule moja ya msingi huko Makueni, wanafunzi wanatayarisha filamu kwa ajili ya Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, na aliyeteuliwa adui ni mpwa wangu wa miaka 12. Hadithi yenyewe ni ya kubuni ya kisayansi. Mwaka ni 2090, na yeye ndiye mkubwa wa genge linalozoa mchanga wa mwisho mtoni.

Msomaji asiyezijua Kitui na Makueni huenda akacheka. Mito yetu mingi ni ya msimu. Mvua ikiisha, maji hujificha ndani ya mchanga na akina mama huyafukua hapo. Malori yakibeba mchanga kwenda kujengea majumba, maji nayo yamekwenda. Damu imemwagika kwa ajili hiyo, na mwaka wa 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mchanga. Kwa hivyo watoto walipoanza kumwita kijana "Mwizi wa Mto" njiani, dada yangu hakuona utani. Alitaka kumtoa.

Nilimwuliza mwalimu kwa nini akamchagua mtoto mpole hivi. Akasema ni kwa sababu ya huo upole. Nadhani ana haki. Katika Village of the Damned, filamu ya Uingereza ya mwaka wa 1960, watoto wa ajabu wanakitawala kijiji kwa macho tu. Kiongozi wao, Martin Stephens, hapigi kelele. Anazungumza kwa adabu, na hapo ndipo mtu husisimkwa na mwili. Baadaye aliacha uigizaji akawa msanifu wa majengo.

Jake Lloyd hakubahatika vivyo hivyo. Mwaka wa 1999, katika Star Wars, alikuwa Anakin, mtoto mwema ambaye ukubwani hugeuka Darth Vader. (Uovu wenyewe hata haujaanza!) Mwaka wa 2012 alieleza jinsi wanafunzi wenzake walivyokuwa wakimdhihaki.

Mimi nilikuwa upande wa mwalimu hadi mama yangu, ambaye watoto humwita susu, alipotia neno. "Mwanangu, wanaobeba mchanga ni watu wazima wenye malori. Mbona makosa yao avishwe mtoto?"

Nilikosa jibu. Hata katika Pumzi, filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka wa 2009 kuhusu dunia iliyokaukiwa na maji, wanaomzuia Asha kutoka nje ni wakubwa wa baraza.

Dada yangu amekubali kwa masharti: koti la adui libaki shuleni, na kamera ikizimwa mtoto aitwe jina lake. Mwalimu naye ameongeza watu wazima wawili katika genge, na mmoja wao ni yeye mwenyewe. Susu amesema atakwenda kuitazama, ila ataketi karibu na mlango.