Nani Amfuate Mwenziwe, Shairi au Mahadhi?

Miaka yote niliyosomesha ushairi katika shule za sekondari, swali lililowatatiza wanafunzi wangu halikuwa la vina wala mizani, bali hili: ikiwa shairi ni wimbo, mbona tunalisoma kwa macho? Wenzetu wa lugha ya Kiurdu wamelijibu kwa vitendo, na jibu lao limefika hadi pwani yetu bila wengi wetu kutambua.

Ghazali ya Kiurdu ina beti za mistari miwili miwili, na kila ubeti hujitegemea kwa maana. Beti hizo huunganishwa na kina, pamoja na neno au kifungu kinachojirudia mwishoni, kiitwacho radifu. Katika ubeti wa mwisho mshairi hujitaja kwa lakabu yake, kama malenga wetu wafanyavyo katika kaditama. Mwimbaji hodari, mfano wa Begum Akhtar au Mehdi Hassan, akiishika ghazali ya Ghalib huiimba kwa raga, yaani mpangilio wa sauti wenye hisia zake maalumu. Huurudia mstari wa kwanza mara kadhaa, kila mara kwa mapambo mengine, msikilizaji akiusubiri wa pili kwa hamu. Ndipo kina kinapoanguka. Hapo muziki ni mtumishi, shairi ndilo bwana.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake mwaka 1928, lakini ushairi wa Kiurdu wenyewe ulitufikia zaidi kwa mlango wa sinema. Nyimbo za Mother India (1957) na Mughal-e-Azam (1960) zilitungwa na Shakeel Badayuni, mshairi wa ghazali, zikatiwa muziki na Naushad, aliyezijua raga kwa undani. Watazamaji walitoka ukumbini na mahadhi kichwani. Maneno waliyaacha mlangoni. Kule Mombasa, Juma Bhalo alisifika kwa taarabu yenye mahadhi ya Kihindi, na ndugu yake Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita, alimtungia mashairi. Katika taarabu ya namna hiyo mara nyingi mahadhi yalitangulia, na maneno ya Kiswahili yakatafutiwa nafasi ndani yake.

Wapo wanaouita mtindo huo wizi. Mimi nauona mtihani, tena mgumu. Arudhi ya Kiurdu hupima silabi ndefu na fupi. Sisi huhesabu silabi tu, nane kwa nane katika shairi la kawaida. Mahadhi yaliyoshonwa kwa kipimo cha kwanza yakivishwa maneno ya kipimo cha pili, lazima silabi fulani ivutwe, na Kiswahili hakivutwi ovyo. Mtungaji akiliweka neno “kufa” pale sauti inaporefushwa, sisi tunasikia “kufaa”. Mpenzi aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya mwandani wake sasa anaonekana anaomba kazi!

Malenga aliyekomaa huiona hatari hiyo mapema. Huyapanga maneno ili mkazo wetu, unaokaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ukutane na kilele cha sauti, na pale sauti inapovutwa huweka neno lisilogeuka maana. Ufundi huo haumo katika vitabu tulivyosomeshea, ambavyo huishia kwenye kuhesabu.

Hapa Mkange nilikostaafia, vijana huniletea tungo zao niwahakikie mizani. Nami huwaambia waziimbe kwanza, kwa mahadhi yoyote wayajuayo: ya ngoma, ya kaswida au ya filamu ya Kihindi. Majuma machache yaliyopita binti mmoja aliimba utungo uliotimia mizani kumi na sita kila mstari. Katika mstari wa tatu “amekata” ikamtoka “amekataa”. Akarudia, ikamtoka vile vile. Akaomba kalamu.