Safari ya Saa Saba Iliyochukua Saa Kumi na Tano

Kwa Vonza ni soko lililo kando ya barabara ya Machakos na Kitui. Atokaye Nairobi hupita Wamunyu, huvuka mto Athi, hupanda Yatta, kisha huliona. Katika sehemu hizo kipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2013. Kwa hiyo habari za vijana kwenda masomoni ng'ambo si ngeni kwetu. Walakini kusikia habari ni jambo moja, na kumsindikiza mtoto wako ni jambo jingine.

Mwezi wa Januari 2019 mpwa wangu alisafiri kwenda New York. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018 shirika la Kenya Airways lilikuwa limeanza kuruka moja kwa moja hata mji ule, ambapo zamani abiria walilazimika kubadili ndege njiani. Tiketi ilisema: kuondoka Nairobi saa 5.25 usiku, kufika New York saa 12.25 asubuhi.

Dada yangu aliniuliza, "Ndugu yangu, ni mwendo wa saa ngapi?"

Nami, kwa kuwa ni karani, nilihesabu kwa vidole na kumjibu kwa fahari, "Saa saba tu. Jua likichomoza atakuwa amefika."

Nilimpeleka msichana hata uwanja wa Jomo Kenyatta, nikalala mjini. Asubuhi dada yangu aliketi mlangoni, simu mkononi. Ikapiga saa moja, saa mbili, saa tatu, kimya. Nilipofika adhuhuri niliwakuta majirani wamekaa uani kama watu wa matanga, na jiko halijawashwa. Hakunilaumu kwa neno lolote; alinitazama tu, na hilo lilinichoma zaidi.

Mwalimu mmoja mstaafu aliomba kuiona tiketi. Akachukua chungwa, akaligeuza polepole juani. "Dunia," akasema, "huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. New York iko mbali sana upande wa magharibi, hivyo jua huchelewa kuwafikia. Wakati huu wa baridi yao, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nane. Wakati wa joto, saa saba. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi. Saa ya kufika ni ya New York. Kwa saa yetu atafika saa 8.25 mchana."

Basi saa saba zangu zilitaka kuongezwa nane, zikawa kumi na tano. Na ndivyo ipasavyo, maana umbali ni karibu kilomita 11,800, na hakuna ndege ya abiria inayoweza kuumaliza kwa saa saba.

Ilipokaribia saa tisa simu ililia. "Mama, nimefika. Kuna baridi kali." Dada yangu aliangua kilio, kisha akaenda kuwasha moto.

Msomaji, ukimsindikiza mtu wako mbali, usitoe saa ya kuondoka katika saa ya kufika kabla hujauliza kila moja ni ya mji gani. Kosa langu lilikuwa dogo katika karatasi, lakini mama mmoja alilibeba tangu alfajiri hata alasiri.