KONYO KONYO: SOKO LINALOPANGA KIKOSI CHA TAIFA

Msafiri atokaye Uganda kwenda Juba huvuka mpaka pale Nimule, kisha hushika barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 192 hivi. Barabara hiyo, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 2012, ndiyo koo la mji mkuu wa Sudan Kusini. Malori hupita mchana kutwa yakiwa yameshehena unga, vitunguu, nyanya, sabuni na mabati. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo huishia sokoni, na soko ambalo jina lake humtoka kila mtu mdomoni ni Konyo Konyo.

Soko hili lipo jirani na mtaa wa Kator, upande wa mjini unaoelekea Mto Nile. Hapa mgeni hapati nafasi ya kutembea kwa maringo. Huku bodaboda inapiga honi mgongoni, huku mchukuzi mwenye gunia begani anapaza sauti apishwe, na huku akina mama wamepanga mafungu ya mboga juu ya magunia. Kuna samaki wakavu wa Nile, bamia zilizoanikwa, karanga zilizosagwa zikawa laini kama siagi, na mtama wa kupikia kisra, ule mkate mwembamba kama kitambaa. Wauzaji wametoka pande nyingi: Wasudani Kusini wa makabila mbalimbali, Waganda, Wakenya, Waethiopia, Waeritrea na watu wa Darfur. Lugha ya kuelewana ni Kiarabu cha Juba. Walakini Kiswahili nacho hakipotei, kwa sababu wengi waliishi ukimbizini Kenya na Uganda wakarudi nacho. Tena nchi yenyewe ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016.

Penye wengi pana mengi, nao wahenga hawakukosea. Lakini jambo moja humshangaza mgeni aliyezoea masoko ya kwetu, ambako ubishi wa kijiweni ni wa kandanda. Huko Konyo Konyo kandanda hupendwa pia. Ila timu ya taifa ya mpira wa kikapu inapokaribia kucheza, ubishi wote huhamia huko.

CHINI YA TURUBAI LA CHAI

Mahali penyewe ni banda la chai. Mama muuza chai hukaa nyuma ya meza ndogo iliyopangwa makopo ya sukari, tangawizi, mdalasini na majani ya mnanaa. Mbele yake pana jiko la mkaa, na kuzunguka jiko hilo vimewekwa viti vifupi vya plastiki. Wateja huketi magoti yakiwa karibu na kidevu, maana wengi wao ni warefu kupita kiasi. Bilauri hutoka moja baada ya nyingine, na swali ni lile lile: nani aanze?

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, yafaa maelezo mafupi. Katika mashindano makubwa ya kimataifa kila timu huandikisha wachezaji 12, lakini 5 tu ndio huwa uwanjani. Mchezo una robo 4 za dakika 10 kila moja. Mchezaji hutolewa na kurudishwa mara nyingi apendavyo kocha, tofauti na kandanda. Kwa hiyo kuanza si lazima kuwe na maana ya kucheza muda mrefu kuliko wengine. Hata hivyo, wale watano wa kwanza ndio wanaotangazwa majina, ndio wanaotoa sura ya timu, na ndio wanaomwonyesha adui iwapo leo amekuja kucheza na watu wazima. Miongoni mwao yuko mmoja anayeuleta mpira kutoka nyuma, akiudunda huku akisoma ulinzi wa wapinzani na kuamua nani apewe. Huyo ndiye mwongozaji. Ubishi wa Konyo Konyo huanzia kwake.

Mwongozaji aliyevuma ni Carlik Jones. Alizaliwa Marekani, katika mji wa Cincinnati, naye si mzawa wa Sudan Kusini, alipewa uraia. Sheria ya mchezo huo duniani inaruhusu timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja tu wa namna hiyo katika kikosi. Nafasi hiyo moja alipewa yeye.

"Mcheza kwao hutuzwa," husema kijana wa bodaboda aliyekulia Kakuma, akiweka bilauri chini kwa nguvu. "Nchi ina vijana warefu kama minara, halafu mpira wa kwanza anapewa mgeni! Watoto wetu watajifunza lini kuongoza?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," humjibu mfanyabiashara wa vitunguu. "Kijana wangu, ulimwona London?"

Hapo kelele hupungua kidogo, kwa kuwa London ni neno zito sokoni humo.

USIKU WA LONDON

Tarehe 20 Julai 2024, Sudan Kusini ilicheza na Marekani mjini London katika mchezo wa kirafiki wa kujiandaa kwa Olimpiki. Marekani ilikuja na majabari wake wa kulipwa, miongoni mwao LeBron James. Sudan Kusini ilikuwa taifa lililopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, lenye umri wa miaka 13 tu. Katika nusu ya kwanza vijana hao waliwahi kuongoza kwa pointi 16. Carlik Jones alifunga pointi 15, akadaka mipira 11 iliyorudi kutoka kikapuni, na akatoa pasi 11 zilizozaa mabao. Zikiwa zimebaki sekunde 8, LeBron James alipenya akafunga. Marekani ikapona kwa 101 kwa 100.

Upungufu wa pointi moja! Wapo sokoni wanaousimulia mchezo huo kama watu wanavyosimulia msiba, na wapo wanaousimulia kama arusi.

Walakini London haikuwa ajali. Mwaka 2023, katika Kombe la Dunia lililochezwa Asia, timu hiyo iitwayo Bright Stars, yaani Nyota Zing'arazo, iliifunga China 89 kwa 69, ikaifunga Ufilipino 87 kwa 68 nyumbani kwake Manila, na ikaishinda Angola 101 kwa 78. Ikawa timu ya Afrika iliyofanya vizuri kuliko zote, nayo ikajipatia tiketi ya Olimpiki ya Paris. Kocha alikuwa Royal Ivey, Mmarekani. Aliyekuwa akiongoza shirikisho la mchezo huo ni Luol Deng, mzaliwa wa Wau aliyekimbilia Misri utotoni, akakulia London, na akang'ara miaka mingi katika timu ya Chicago Bulls.

Kabla ya Deng alikuwako Manute Bol, mtu wa Turalei, mwenye kimo cha mita 2.31, aliyeingia ligi ya kulipwa ya Marekani mwaka 1985. Alifariki mwaka 2010, mwaka mmoja tu kabla ya bendera ya nchi yake kupandishwa, akazikwa Turalei. Bol ndiye aliyemfundisha Deng mchezo alipokuwa mtoto mkimbizi kule Misri. Kwa hiyo wazee wa Konyo Konyo wanaposema kwamba mpira wa kikapu ni urithi, hawatii chumvi.

MWENYEJI NI NANI?

Hata hivyo hoja ya kijana wa bodaboda haifi upesi. Yeye anataka aanze mzawa. Ndipo mfanyabiashara wa vitunguu anapomwomba ahesabu wazawa hao kwa vidole, na hesabu inageuka kuwa ngumu.

Wenyen Gabriel alizaliwa Khartoum. Wazazi wake wakakimbilia Misri, kisha Marekani. Nuni Omot alizaliwa katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, akakulia Marekani. Marial Shayok alizaliwa Kanada. Khaman Maluach, yule kinda mrefu wa zaidi ya mita 2.1, alizaliwa Rumbek lakini akalelewa Uganda, na hakuanza kuujua mchezo huu hadi mwaka 2019. Miaka 5 baadaye alikuwa Olimpiki akiwa na miaka 17, na mwaka 2025 alichaguliwa wa 10 miongoni mwa vijana wote walioingia ligi ya kulipwa ya Marekani.

"Basi niambie," husema mfanyabiashara, "katika hao, mcheza kwao ni yupi?"

Kijana hunyamaza. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma katika ardhi ya Kenya. Kitambulisho chake ni cha Sudan Kusini, Kiswahili chake ni cha Kakuma, na pikipiki yake imepitia Kampala. Akiwakataa wachezaji kwa sababu walikulia nje, atakuwa amejikataa yeye.

Ikumbukwe kwamba katika nchi hiyo swali la nani ni mwenyeji si mchezo. Vita vya muda mrefu na serikali ya Khartoum vilikwisha kwa mkataba wa mwaka 2005. Uhuru ukaja mwaka 2011. Desemba 2013 risasi zikalia tena, safari hii ndugu kwa ndugu, na mwaka 2016 Juba ikatikiswa upya, hata ulipotiwa sahihi mkataba wa Septemba 2018. Katika miaka hiyo, kuulizwa kwenu ni wapi kulimgharimu mtu roho yake. Ndiyo maana wapo wateja wa chai ambao kikosi kinapotajwa huwa waangalifu. Jina la mchezaji hufahamisha kabila lake, na anayesema fulani aanze, fulani akae benchi, anaweza kueleweka vibaya. Lakini hoja zikipamba moto, husikika mtu akimtetea kwa jasho mchezaji wa kabila lisilo lake kwa sababu tu kijana huyo hufunga akiwa mbali. Jambo hilo huonekana dogo kwa mgeni. Kwa mwenyeji si dogo hata kidogo.

NENO LA MZEE

Pembeni huketi mzee mmoja aliyekuwa askari, aliyeacha jeshi na mguu usiokunjika sawasawa. Yeye huzungumza mwisho.

"Mnabishana kana kwamba anayetangulia ndiye mkubwa," husema. "Sisi porini hatukumtanguliza jasiri kuliko wote, wala mrefu kuliko wote. Tulimtanguliza anayejua kusoma njia. Akikosea yeye, kosa ni letu sote. Hatukumwuliza mama yake alimzalia wapi. Tulimwuliza kama ameuona ule mti uliovunjika."

"Kwa hiyo, mzee, wampigia kura Jones?"

"Nampigia kura anayeuona mti."

Wateja hucheka. Mama muuza chai, ambaye muda wote alikuwa akisafisha bilauri, huingilia kati. Yeye ana mtoto wa kiume anayecheza pete na wenzake kichochoroni, tairi la baiskeli likiwa limepigiliwa juu ya nguzo.

"Ninyi wanaume mwajua kuanza tu," husema. "London tulianza vizuri. Tukapungukiwa mwishoni. Mbona hamwulizi nani amalize?"

Hakuna amjibuye mara moja. Kumaliza, katika mchezo huu, ni kazi ya mapafu na mazoezi, na mazoezi hudai uwanja. Timu ilipokwenda Paris mwaka 2024, nchi nzima haikuwa na ukumbi wa ndani wa mpira wa kikapu. Nyota hao walijinoa ugenini, na vijana wa nyumbani walicheza juani, juu ya saruji, wakisimama kila mvua inaponyesha. Mtoto wa mama huyo, hata angekuwa na kimo cha Manute Bol, atajifunzia wapi kumaliza? Hapo hoja ya kijana wa bodaboda hurudi kwa mlango mwingine, na safari hii hakuna wa kuipinga. Kumwalika mgeni si kosa. Kosa ni kumwalika bila kuwaandalia wenyeji mahali pa kujifunza kwake.

WIMBO ULIOKOSEWA

Tarehe 28 Julai 2024, mjini Lille, Sudan Kusini ilicheza mchezo wake wa kwanza wa kikapu katika historia ya Olimpiki, dhidi ya Puerto Rico. Wachezaji walipopanga mstari, wimbo uliopigwa haukuwa wao. Ulikuwa wimbo wa taifa la Sudan, nchi waliyojitenga nayo. Wimbo ukakatizwa. Vijana wale, waliozaliwa Khartoum, Rumbek, Kenya, Kanada na Cincinnati, wakabaki wamesimama, mikono kifuani, wakisubiri ulio wao upigwe. Ulipopigwa, wakacheza, wakashinda 90 kwa 79, na Carlik Jones akafunga pointi 19. Baadaye walifungwa na Marekani 103 kwa 86 na Serbia 96 kwa 85, wakatoka mashindanoni.

Chini ya turubai kisa hicho kikisimuliwa, huwa hapana ubishi. Hata kijana wa bodaboda hukiri kwamba siku ile Jones alisimama mstarini na wenzake, akiusubiri wimbo ule ule.

Jua likielekea magharibi, vumbi la Konyo Konyo hugeuka rangi ya shaba. Akina mama hufunga mafungu yaliyosalia, majenereta huanza kunguruma, na wachukuzi huhesabu pauni zao. Mzee hujikongoja kwenda zake. Kijana hulipa chai yake na ya mfanyabiashara wa vitunguu, kwani desturi ni kwamba aliyeshindwa hulipa. Ila hulipa akisema kwamba hakushindwa, na kwamba kesho atakuja na majina matano yake ameyaandika kwenye karatasi.

Mama muuza chai hupokea fedha. Kisha humwita mwanawe aliye kichochoroni, aache tairi lake, aje ambebee jiko.