Kitanda Nilichokilalia

Methali yasema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi, ewe msomaji, nimekilalia kitanda ninachotaka kukueleza, na kunguni wake nawajua. Kitanda hicho ni maradhi ya akili yaitwayo sonona.

Nilikuwa mwalimu wa mkataba. Mwezi wa Machi 2020, shule zote za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya korona, mshahara wangu ulikoma. Mwanzoni nilidhani naona uchovu tu. Kisha usingizi ulinikimbia, chakula kikapoteza ladha, na kila alfajiri nikawa najiuliza kwa nini kumekucha. Majirani walisema kuwa nimekuwa mvivu. Sikuwakanusha, maana uvivu ulikuwa na heshima kuliko wazimu, na nilichelea kuitwa mwenda wazimu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mwisho nilikwenda kwa daktari, naye alinipa dawa, akanieleza pia habari za kikundi cha watu wazima wenye maradhi kama yangu, waliokutana kwa simu za mkononi kila Alhamisi saa tatu usiku.

Kwa majuma matatu nilisoma maneno ya wenzangu bila ya kuandika neno. Usiku mmoja dereva wa matatu aliandika, "Leo nimeweza kuoga." Wenzake walimpongeza kama mtu aliyefaulu mtihani mkubwa. Nilicheka, kisha nikalia, kwa kuwa siku ile mimi sikuweza. Ndipo nilipoandika kwa mara ya kwanza, "Mimi bado sijaoga." Hakuna aliyenicheka.

Usidhani kwamba jambo hili lilizaliwa pamoja na simu. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, watu wawili, mmoja mfanyabiashara na mwingine daktari, walikutana wakiwa wote wamekuwa watumwa wa ulevi. Waligundua kuwa kila mmoja aliweza kujizuia kunywa kwa kuzungumza na mwenziwe aliyeijua kiu ile. Katika mazungumzo yao kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho sasa kina wafuasi katika nchi nyingi. Simu haikuleta wazo jipya. Imefupisha njia tu, hata mtu wa Lodwar aweze kufarijiwa na mtu wa Lamu bila ya nauli.

Lakini kila dawa ina kipimo chake. Mtu mmoja kikundini alituambia kuwa alikuwa ametupa vidonge vyake na kwamba alikuwa amepona. Nilimfuata bila ya kumwuliza daktari, na haukupita muda mrefu nikarudi kitandani nilikotoka. Tangu hapo tuliweka sharti: kila mtu aseme yaliyompata yeye, wala asimwagize mwingine dawa ya kunywa wala ya kuacha. Mgonjwa aweza kumfariji mgonjwa mwenziwe. Kumtibu ni kazi ya aliyesomea.

Sharti la pili lilikuwa kwamba kila aingiaye ataje jina na namba ya mtu mmoja wa kuitwa wakati wa shida. Faida yake niliiona mwaka 2021. Mama mmoja aliandika usiku wa manane, "Nimechoka. Nawaaga." Alikuwa hajamwambia mtu yeyote mawazo yake, kwa sababu sheria yetu wakati ule ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, naye aliogopa kwamba atakayemwambia atamwita polisi. Msimamizi wetu alimpigia simu dada yake. Sisi wengine tulibaki tukimwandikia. Nilitafuta maneno ya hekima, nikayakosa, nikaandika tu, "Mimi pia niko macho." Kwa dakika nyingi hakujibu. Kisha yakaja maneno mawili: "Dada amefika."

Baadaye alituambia kuwa mawaidha yetu mengi hakuyasoma. Kilichomzuia hata dada yake akafika ni kujua kwamba alikuwako mtu aliyekuwa macho pamoja naye. Nayo sheria ile haikudumu: mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomwadhibu mtu aliyejaribu kujiua, kinapingana na Katiba. Mama yule alipotuletea habari hiyo kikundini, aliongeza kwamba siku ile alikuwa ameoga, amekula, na amewapeleka watoto shuleni.

Wewe, msomaji, hujawa mtu mzima, na kikundi kama chetu si mahali pako. Lakini una mzazi, una mwalimu, una mshauri shuleni. Giza likikuzonga, mwambie mmoja wao kabla hujajizoeza kunyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Na ukimwona mwenzako darasani ameacha kucheka, ameacha kula, naye hasemi sababu, usimwite mvivu. Keti karibu naye. Usipokuwa na neno la kumwambia, mwambie kwamba upo; kisha mwende pamoja kwa mtu mzima mnayemwamini.